Mstari wa 214: Maisha ya Karani Justus Nyamai Kitheka

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa Kyamwenze, wafanyakazi wa zamani wa baraza la mji wa Mwingi, na wageni wetu kutoka Kibwezi na Mtito Andei mliotoka nyumbani kabla ya jua, familia ya Mzee Justus Nyamai Kitheka imenipa mimi, Nthiwa, mtoto wa dada yake, kazi ya kuwasomea maisha yake leo Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 2025. Marehemu mwenyewe aliacha maagizo mawili kuhusu karatasi hii, kwamba tarehe zake ziwe sahihi, na kwamba kosa lake liandikwe. Tumejitahidi kwa yote mawili.

Mzee Nyamai alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 hapa hapa Kyamwenze, upande wa Migwani, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Kitheka wa Nzomo na marehemu Kalondu. Baba yake alikuwa mchimba visima, mtu aliyeitwa kutoka mbali kuja kusimama kwenye mchanga wa mto uliokauka na kusema wachimbe wapi, na marehemu alipenda kusimulia kwamba baba yake hakupokea shukrani ya mtu yeyote siku maji yalipoonekana, alisema atarudi mwezi wa tisa, wakati wa kiangazi kikali, aone kama kisima bado kina maji, ndipo wamshukuru. Sisi watoto wa ukoo tulisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko tulivyotaka, na sasa tunaona kwamba maisha yake yote yalikuwa ndani yake.

Alianza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka wa 1964, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1970, na kutoka 1971 hadi 1974 alisoma shule ya upili mjini Kitui, ambako walimu wake waliandika kwamba mwandiko wake ni mzuri na kwamba anauliza maswali hata baada ya kengele. Mwaka wa 1975 na 1976 alifundisha bila cheti katika shule mbili za karibu, kisha mwaka wa 1977 akaenda kusomea kazi ya ukarani wa serikali za mitaa, na tarehe 3 Julai 1978 akaajiriwa na baraza la kaunti ya Kitui, katika ofisi ya masoko.

Mwaka wa 1981 alihamia upande wa Makueni, akafanya kazi Kibwezi na Mtito Andei kwa miaka kumi na mitatu, akikagua masoko, vichinjio na hoteli za barabara ya Mombasa. Hiyo ilikuwa kazi ya kutukanwa, na yeye aliikubali hivyo. Mwenye hoteli mmoja wa Mtito Andei, aliyeandikiwa notisi kwa sababu maji machafu ya jikoni yake yalikuwa yanapita mbele ya mlango wa jirani, alimwambia mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakila, "Karani, hiyo kalamu yako imeshiba kuliko wewe," na madereva wakacheka, na Nyamai naye akacheka, akaketi, akaagiza ugali na nyama, akala mpaka akamaliza, kisha akampa notisi yake. Mwenye hoteli huyo alikuwa rafiki yake mpaka kifo, na wanawe wako hapa pamoja nasi leo.

Ni Kibwezi alikokutana na Damaris Ndunge, binti wa mkulima wa vitunguu na pilipili karibu na mto, wakafunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1983. Mungu aliwajalia watoto watatu, ambao ni Musyoka, mwalimu huko Kibwezi, Yvonne, muuguzi, na Kasyoka, fundi wa umeme Mwingi, na wajukuu saba. Mama Ndunge yuko hapa mbele yenu. Ameomba tuseme tu kwamba katika miaka arubaini na moja ya ndoa, mume wake hakuwahi kurudi nyumbani bila kusema ametoka wapi, hata wakati ambapo yeye hakuwa ameuliza.

Mwaka wa 1994 alihamishiwa Mwingi kuwa naibu wa karani wa baraza la mji, na hapo ndipo tunafika kwenye safari iliyompa jina ambalo wengi wenu mlimwita nalo, Karani wa Bombay, ingawa Bombay aliiona kwa saa nne tu, akisubiri basi.

Tarehe 11 Januari 1999 alisafiri kwenda India, katika jiji la Pune, kwa mafunzo ya wiki kumi na moja kuhusu uendeshaji wa miji, akiwa mmoja wa maafisa kumi na tisa kutoka nchi mbalimbali. Aliondoka na sanduku la kukopa na akarudi na daftari nne zilizojaa, na kwa miezi mingi baadaye hakuna aliyekula chakula cha jioni katika nyumba ile bila kuelezwa jinsi jiji la India linavyotawaliwa. Alieleza kwamba wananchi wa kila wadi huchagua madiwani wao, kwamba madiwani wote wakikaa pamoja ndio baraza kuu la jiji, na kwamba wao wenyewe humchagua meya kutoka miongoni mwao, ambaye huongoza vikao, hupokea wageni na husimama mbele katika sherehe. Lakini meya huyo, alisema, hamtumi mfanyakazi kuziba bomba, kwa sababu mikono ya kazi ni ya kamishna, ambaye hapigiwi kura na mtu yeyote, ni afisa anayetumwa na serikali ya jimbo, na wahandisi, wasafishaji, watu wa maji na watu wa kodi ya nyumba wote wako chini yake. Na katikati yao kuna kamati ya kudumu, madiwani wachache waliochaguliwa na wenzao, ambao kandarasi kubwa haipiti bila wao kuipitisha.

Musyoka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne, alisema haelewi ni nani hasa mkubwa. Baba yake akafikiri, kisha akamwambia kwamba jiji la India ni kama harusi, meya ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, kamishna ndiye mpishi, na kamati ya kudumu ni yule shangazi aliyefunga ufunguo wa stoo kwenye leso, kwa hiyo mwenyekiti anaweza kuhutubia mpaka jioni, lakini kama mpishi hajawasha moto au shangazi hajafungua stoo, hakuna atakayekula. Mama Ndunge, aliyekuwa anapakua, akauliza, "Na mwananchi ni nani?" Akamjibu kwamba mwananchi ni mgeni aliyekuja na njaa. Mama akasema, "Basi muulizeni huyo kama ameshiba. Hao wengine wote watawaambia chakula kilikuwa kizuri." Marehemu alikiri mara nyingi kwamba mke wake alisema katika dakika moja kile ambacho yeye alikwenda kukitafuta ng'ambo ya bahari kwa wiki kumi na moja.

Hakurudi akisema kwamba India ni peponi. Aliona mitaa yenye taka zilizokaa siku nyingi, aliona akina mama wamepanga ndoo wakisubiri lori la maji kama tunavyosubiri sisi, na aliketi nyuma ya ukumbi akasikia madiwani wakilalamika kwamba watu wa kamishna hawawasikilizi, na nje ya ukumbi akasikia watu wa kamishna wakisema kwamba diwani huona barabara moja tu, ile inayopita kwa mpigakura wake. Alisema kila upande ulikuwa umeshika kipande cha ukweli na kukiita mkate mzima. Lakini alifurahi kuona kwamba sheria yao iliwawekea wanawake theluthi nzima ya viti vya madiwani, na alikuja kuwaambia wenzake wa Mwingi, ambao baraza lao lilikuwa na mwanamke mmoja, na hawakufurahi.

Kitu alichokipenda zaidi hakikuwa katika sheria. Katika ofisi moja ya wadi, ambako wanafunzi walipelekwa kuangalia kazi kwa siku kumi, kulikuwa na karani wa malalamiko, mama mmoja aitwaye Bi Sulabha, aliyekaa kwenye dirisha na kitabu kikubwa chenye mistari. Kila lalamiko lilikuwa na mstari wake, jina la mlalamikaji, mahali, shida, afisa aliyepewa kazi, tarehe ya kazi, na mwisho kulikuwa na nafasi ya sahihi, na nafasi hiyo haikuwa ya afisa, ilikuwa ya mlalamikaji. Mhandisi angekuja akasema bomba limezibwa, Bi Sulabha angemwambia vizuri, mlete mwenye bomba asaini. Marehemu alimwona akimrudisha mhandisi mmoja mara tatu kwa sababu ya mzee mmoja ambaye alisema bado anasikia maji yakilia chini ya sakafu. Alipomuuliza kama hiyo ni amri ya jiji, Bi Sulabha alimwambia kwamba si amri ya mtu, ni desturi yake mwenyewe, kwa sababu aliyefanya kazi hawezi kujua kama imeisha, anayejua ni yule aliyekuwa akiumia.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2000 marehemu alinunua kitabu kama kile, akakipigia mistari kwa rula yake, na kukiweka kwenye kaunta ya baraza la mji wa Mwingi. Wenzake walimcheka. Mkaguzi mmoja wa ujenzi alimwambia, "Nyamai, hapa si Bombay, mtu akipewa kalamu hapa atakataa kusaini mpaka umjengee nyumba," na marehemu akamjibu kwamba basi tutajua anataka nyumba. Kitabu kilikaa. Watu walizoea, wauza mbuzi, wauza nguo, mama wa mboga, kila mmoja alikuja kulalamika na kila mmoja alikuja kusaini, na kufikia mwaka wa 2006 mistari mia mbili na kumi na mitatu ilikuwa imefungwa, yote kwa sahihi au kidole gumba cha mwenye shida.

Sasa tunafika kwa lile aliloagiza tusiliache.

Mstari wa 214 uliandikwa tarehe 7 Agosti 2006 na Bi Hasina Shee, ambaye wengi wenu mnamjua kama Mama Nasima, wa familia iliyotoka Lamu ikaja kufanya biashara Mwingi tangu zamani za babu yake, na ambaye mahamri yake yamelisha wafanyakazi wa mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alilalamika kwamba mtaro wa nyuma ya soko unamwaga maji katika uchochoro wao kila mvua ya vuli, na kwamba ukuta wa jikoni yake umeanza kulainika. Baraza likatuma mkandarasi, kalvati ya kupitishia maji ikawekwa mwishoni mwa Septemba, marehemu akaenda mwenyewe, akaiona kwa macho, ikiwa mpya na nzuri. Lakini Bi Hasina alikuwa Lamu, kwa msiba wa baba yake, na tarehe 13 Oktoba wakaguzi kutoka wizarani walikuwa wanakuja kuona kitabu kile ambacho sifa zake zilikuwa zimefika Nairobi. Mistari 213 ilikuwa imefungwa na mmoja uko wazi. Marehemu alichukua kalamu, akasaini mahali pa Bi Hasina.

Yeye ndiye aliyeleta desturi ile, aliipigania miaka sita, na yeye ndiye wa kwanza kuivunja. Hakufanya hivyo kwa ubaya, na familia haisemi hivyo ili kumtetea, kwa sababu mwenyewe hakutaka kutetewa. Alisema aliona kazi ni nzuri, na kwamba mtu anayependa kitabu chake kikiwa safi yuko karibu kusahau kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nini.

Tarehe 18 Novemba 2006 mvua kubwa ilinyesha mchana, na ikaonekana kwamba mdomo wa kalvati uliwekwa juu kuliko sakafu ya mtaro, kitu ambacho jua haliwezi kukuonyesha, lakini ambacho mama anayefagia uchochoro ule kila asubuhi angekiona kwa kutazama mara moja. Maji yalirudi nyuma, yakaingia uchochoroni, ukuta wa jikoni wa Bi Hasina ukaanguka, ukamvunja mguu mume wake, marehemu Mikail, aliyekuwa akihamisha magunia ya unga. Mikail alipona, lakini alichechemea tangu siku hiyo.

Katika kikao cha baraza zima cha tarehe 30 Novemba marehemu alisimama na kusoma alichofanya. Diwani mmoja alimwambia, "Bwana Karani, hakuna mtu amekuuliza hayo," naye akajibu, "Ndiyo maana nasema." Akaikata sahihi yake kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba sahihi hii si ya mlalamikaji, na mstari wa 214 ukafunguliwa upya. Alipewa barua ya onyo, na nafasi ya kuwa karani mkuu, ambayo kila mtu alijua ni yake, ikapewa mwingine. Nyumbani hakulalamika kwa hilo hata siku moja. Lililomkaa moyoni lilikuwa jingine, kwamba alitaka Bi Hasina asaini.

Kalvati ilirekebishwa Machi 2007, na Novemba, mvua ilipoanza, marehemu alichukua kitabu, akaenda uchochoroni. Hakuna tone lililoingia. Bi Hasina alimkaribisha, akampa chai na mahamri, akatoka naye kutazama mtaro, akamwonyesha mahali ambapo mifuko ya plastiki imejazana, akasema, "Bado, Karani. Kaa umalize chai." Mikail, akiwa ameketi na mguu wake umenyooshwa kwenye kigoda, alimuuliza, "Na leo umekuja kukagua mtaro ama mguu wangu?" Marehemu akainamisha kichwa, mpaka Mikail mwenyewe akacheka na kumsukumia sahani, akisema, "Kula, bwana, mguu haudai mahamri."

Alirudi Novemba ya 2008, akaambiwa bado. Akarudi 2009, 2010, na kila mara kulikuwa na jambo, jiwe la kufunikia lililoibwa, mchanga uliozidi, na mwaka wa 2011 jirani mwenye duka jipya aliyejenga ngazi zake juu ya mtaro, ambazo marehemu alihangaika nazo miezi mitano mpaka zikaondolewa. Yeye alikuwa anarekebisha, akiamini kwamba hilo ndilo la mwisho, na mwaka uliofuata anaambiwa bado. Alimwambia Mama Ndunge kwamba Bi Hasina ana haki, kwamba yeye angekuwa mahali pake, mume amevunjwa mguu na mtu aliyesaini jina lake, pengine angekataa kumfungulia mlango kabisa, na kwamba mtu akikupa chai hajasema amekusamehe, amesema tu kwamba amelelewa vizuri.

Mwaka wa 2013 mabaraza ya miji yalivunjwa, serikali za kaunti zikaingia, na marehemu alikabidhi kila faili na kila ufunguo kwa orodha ya kurasa kumi na mbili. Alipofika kwa kitabu cha malalamiko, afisa kijana aliyekuwa akipokea alisukuma kitabu pembeni, akasema, "Mzee, hayo ni mambo ya council, na council ilikufa." Marehemu akamwambia, "Council ilikufa, mtaro haukufa." Kijana hakukataa, alikuwa amechoka tu, na alikuwa na vyumba viwili vya makaratasi ya watu wengine, kwa hiyo wakakubaliana marehemu akitunze, wakaandikiana barua, na kitabu kikaja kukaa katika kabati ya Mama Ndunge, chini ya vitambaa vya meza. Alistaafu tarehe 9 Aprili 2016, siku aliyotimiza miaka sitini, na Novemba ya mwaka huo akaenda uchochoroni kama kawaida, bila cheo, na kitabu kwapani. Akiona kasoro sasa alikuwa anapeleka barua kwa ofisi ya mji kama mwananchi yeyote, anasubiri kama mwananchi yeyote, na alisema alijifunza mengi juu ya kazi yake ya zamani akiwa upande ule wa kaunta. Mikail alipofariki mwaka wa 2017 marehemu alikaa msibani siku zote tatu pamoja na wanaume wa familia, na hakubeba kitabu.

Mwezi wa Mei 2022 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka. Tangu wakati huo alisafiri kwenda Kitui mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, akifuatana na Yvonne au Kasyoka, na wauguzi wa kitengo kile walimzoea, wakawa wanamtania kwamba anakagua mashine kabla hajalala. Novemba iliyopita hakuweza tena kutembea mpaka uchochoroni, Yvonne akampeleka kwa gari, na Bi Hasina akatoka na chupa ya chai, akamnywesha kupitia dirishani, akasema bado. Yvonne alikasirika. Alituambia kwamba kama si adabu angemjibu mama yule, na baba yake akamwambia njiani, "Usimhukumu mtu kwa neno moja. Hujui amelibeba kwa nini."

Jumapili, tarehe 28 Septemba mwaka huu, Bi Hasina alikuja hapa nyumbani na binti yake Nasima, na mahamri katika kikapu, ingawa marehemu hakuwa akila. Yvonne alikuwa chumbani, na tunayosoma ni aliyoyasikia yeye. Marehemu aliomba kitabu, kikaletwa, kikawekwa kitandani, lakini hakukifungua. Alimwambia, "Mama Nasima, sitauliza tena kuhusu sahihi. Nataka tu kujua kama naondoka na kosa nililokukosea."

Bi Hasina akasema, "Kosa gani, Karani? Mimi nilikusamehe mwaka ule ule, siku uliposimama kule barazani ukalisema mwenyewe. Mikail naye alikusamehe kabla yangu, alikuwa akisema mguu huu umetuletea rafiki."

Marehemu akauliza, basi kwa nini hakusaini miaka hii yote.

"Sahihi si yako, ni ya mtaro," akasema. "Nikisaini, nani atakuja Novemba kuutazama? Mimi nimewaona maafisa wangapi? Kila mtu akishafunga kitabu haonekani tena. Nikasema huyu mmoja, ambaye roho yake haitulii, huyu nitambakisha."

Yvonne anasema alidhani baba yake ameumia. Kisha marehemu alianza kucheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu augue, mpaka akashikwa na kikohozi na Nasima akamshika mgongo, na alipopata pumzi akasema, "Kwa hiyo nimekuwa mjinga miaka kumi na tisa, na mtaro ndio umefaidi." Bi Hasina akamwambia, "Hukuwa mjinga, Karani. Ulikuwa unakuja." Na ni kweli, tumehesabu, mvua kumi na nane za vuli zimepita tangu kalvati irekebishwe, mji umefurika mara kadhaa, na maji hayajaingia katika uchochoro ule hata siku moja.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, kitandani mwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Ndunge, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Siku chache kabla alikuwa ametuambia kwamba sasa anamwelewa baba yake na mwezi wa tisa.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa Kitui waliomtunza miaka mitatu na nusu kana kwamba ni baba yao, kwa kanisa letu na kikundi cha akina mama, kwa majirani wa Kyamwenze waliochota maji na kupika tangu siku ya kwanza, kwa wenzake wa Kibwezi, Mtito Andei na Mwingi, waliomcheka na waliomtetea, kwa sababu alitwambia wote walimsaidia, na kwa jamaa zetu Waislamu wa Mwingi waliofika kwa wingi na kuketi nasi. Kama Bi Sulabha wa Pune bado yuko hai tungependa ajue kwamba desturi yake ilifika mbali, lakini hatuna anwani yake.

Shukrani ya mwisho ni kwa Bi Hasina Shee, ambaye yuko hapa, safu ya pili. Mama, ulitufundisha kwamba mtu anaweza kusamehewa na kazi yake ikabaki wazi, na kwamba hayo mawili hayagombani.

Ofisa wa mji wa Mwingi, Bwana Kisilu, amekubali mbele ya wazee asubuhi hii kupokea kitabu kutoka kwa mikono ya Mama Ndunge baada ya ibada. Bwana Kisilu, utaona mstari wa 214 una sahihi moja iliyokatwa kwa wino mwekundu, na pembeni yake mahali patupu. Tafadhali usipajaze. Mvua ya vuli iko njiani, mawingu mmeyaona wenyewe upande wa Nuu, na Bi Hasina anasema chai ipo.

Lala sasa, Bwana Karani, umetembea vya kutosha. Novemba hii tutaenda kuutazama sisi.